Uzi Mdomoni mwa Mkasi

Mshonaji huyu hakuitwa Mkasi kwa kupenda mikasi. Aliitwa hivyo kwa sababu mkasi wake ulikuwa mdomoni. Mkasi wa chuma wa kukatia kitambaa ulikuwepo, ulining'inia kwenye msumari juu ya cherehani, lakini uzi hakuwahi kuukata kwa chuma tangu ajifunze kazi. Akimaliza mshono aliinama, akaubana uzi kwa meno mawili ya mbele, akauvuta kidogo tu, tap, umekatika, na ncha yake huioni hata ukiitafuta kwa taa. Watu wa mtaa walikuwa wakisema akiuma uzi asubuhi, mbwa wa mtaa wa pili wanainua masikio. Wengine walisema amewahi kukata kwa meno hayo waya wa redio, kamba ya viatu na kamba ya mbuzi, na mbuzi akasema asante kabla ya kukimbia. Mbuzi hakusema asante. Hayo mengine hakuna aliyekuwepo wa kuyakanusha.

Kazi aliifanyia chumba cha mbele cha nyumba yake. Palikuwa na dirisha pana linaloangalia njia, meza ndefu ya kukatia, pasi, kopo la pini, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona ya chini, na cherehani mbili za pedali, moja yake na moja ya yeyote aliyekuja kujifunza akachoka akaondoka. Gauni likikamilika, Mkasi alimvalisha mteja mbele ya kioo, akabakisha uzi mmoja tu kwenye upindo, akapiga goti, akauma. Huo ndio uliokuwa muhuri wake. Wapo waliokataa kuondoka na nguo zao mpaka waumiwe uzi, maana nguo isiyoumwa na Mkasi waliiona kama chai isiyo na sukari.

Sasa, tabu ilimwanzia kimyakimya. Asubuhi moja alipiga mswaki akatema mate ya rangi ya waridi. Akasema moyoni mwake mswaki huu umekuwa mkali. Akanunua mwingine laini, nao ukatoa damu. Basi akaamua kupaacha pale panapotoka damu papumzike, akawa anapiga mswaki huku na huku kama mtu anayefagia ua na kukiruka kigae alichokilalia paka. Pale alipoparuka, utando ukaganda, ukawa wa manjano, ukawa mgumu kama chokaa ya birika. Fizi zikavimba, zikawa nyekundu, kisha zikaanza kurudi nyuma, meno yakaonekana marefu. Mkasi akajitazama kwenye kioo, akasema meno yangu yanakua, kumbe mtu mzima naye bado anakua. Na kwa kuwa hakuna kilichouma, hakumwambia mtu.

Ni katika kipindi hicho ndipo mdogo wake aliporudi.

Mdogo wake alikuwa ameishi miaka mingi mji mwingine, akishona vilevile, maana mama yao aliwafundisha wote wawili kwenye cherehani moja. Alirudi na sanduku, na cherehani yake, na meno. Lo, meno hayo. Yamepangwa kama vifungo vya shati jipya, meupe, hakuna lililomzidi mwenzake kwa urefu. Akicheka chumba kinapata dirisha la pili. Haukupita muda mrefu mtaa ukambandika jina la Kicheko, na cherehani ya pili ikapata mwenyewe.

Mkasi alimpokea kwa mikono miwili, akampa chumba cha nyuma, akampikia. Lakini wivu hauombi ruhusa ya kuingia. Wateja waliokuja kwa Mkasi wakaanza kusogeza kiti upande wa Kicheko ili wachekewe. Mume wa Mkasi, dereva wa lori, mtu ambaye kwa kawaida maneno yake ya siku nzima yangetosha kwenye kifuniko cha chupa, akaanza kusimulia hadithi za barabarani mezani, kwa sababu shemeji yake alizichekea. Na usiku mume huyohuyo akawa analala ameupa ukuta uso. Mkasi akaunganisha hayo mawili kama anayeunganisha mikono na koti. Hakuwahi kufikiria kwamba mume alikuwa anakimbia pumzi yake, maana harufu ya mdomo wako wewe mwenyewe ndiyo pekee usiyoisikia.

Akaanza kumchunguza mdogo wake ili apate kasoro. Akaona kwamba Kicheko haumi kitu. Tunda hulikata vipande vyembamba kwa kisu, kama anawapa ndege. Uzi huukata kwa kimkasi kidogo alichokifunga kiunoni kwa utepe. Asubuhi hatoki chumbani mpaka amekwisha nawa, na ukimgongea mlango mapema anakujibu ameziba mdomo kwa kiganja. Mkasi akasema, maringo. Mtu gani hata salamu anaitoa kwa ratiba.

Hayo yote angeyameza. Lakini binti yake wa pekee akapata mchumba, na harusi ikapangwa.

Tangu binti huyo akiwa tumboni, Mkasi alikuwa ameshalishona gauni lake la harusi kichwani. Alijua kola yake, alijua mkunjo wa mkono, alijua uzi wa mwisho ataubakisha wapi: kwenye upindo wa nyuma, upande wa kushoto, na atapiga goti mbele ya watu wote wa nyumba auume. Hakutaka kingine duniani. Kitambaa cheupe kilipokuja alikifungia kabatini asikiguse mtu, na Kicheko alipojitolea kusaidia lesi, Mkasi alimshukuru akamkabidhi suruali za watoto wa shule azitie viraka.

Siku ya kujaribu kwa mara ya kwanza binti alisimama mbele ya kioo, gauni limeshikiliwa na pini huku na huku, na Mkasi akashona bega, akainama, akauma uzi. Tap. Alipoinua kichwa, palepale begani palikuwa na tone jekundu, dogo, la mviringo, kama ushanga.

Binti akaliona kwenye kioo. Kicheko akaliona. Mkasi akaliona wa mwisho, na wa kwanza kusema akawa yeye: Kicheko amemchoma mtoto kwa pini. Kicheko alikuwa amekaa upande wa pili wa chumba na suruali ya shule mapajani, pini iliyo karibu naye zaidi iko kwenye kopo. Aliinuka, akaloweka kona ya leso kwenye maji baridi, akaligusagusa tone lile taratibu mpaka likaisha, halafu akamwambia dada yake kwa sauti ya chini.

"Dada, hiyo si pini. Ni fizi zako. Nenda kwa daktari wa meno."

Mkasi akamuuliza tangu lini anapima fizi za watu. Akacheka kicheko cha puani, akaendelea na kazi. Lakini jioni, alipopita kwenye ujia kupeleka nguo za kupiga pasi, akamsikia binti yake jikoni akimnong'oneza mama yake mdogo: je, anaweza kulimalizia gauni yeye, ila mama asijue kwanza, maana mama ataumia.

Mama akaumia palepale, kwenye ujia, na nguo mikononi. Wivu ukamkwama kama fundo la uzi kwenye tundu la sindano. Ndani ya wivu huo hapakuwa na fizi wala damu. Palikuwa na meno ya mdogo wake, yamepangwa, meupe, yanacheka.

Kwa hiyo ieleweke kwamba Mkasi hakwenda kwa daktari kwa ajili ya ugonjwa. Alikwenda kwa wivu. Aliingia kliniki ya meno akiwa amevaa gauni lake la kutokea, akaketi kwenye kile kiti kinacholala, akamwambia daktari, mwanamke kijana mwenye miwani na mikono midogo, kwamba anataka meno kama ya mdogo wake. Daktari akamwomba kwanza afungue mdomo.

Akachukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama kama za tepu ya kupimia, akawa anakichomeka taratibu kati ya ufizi na jino, anamtajia msaidizi wake namba. Mbili, tatu, tatu, mbili. Alipofika mbele namba zikapanda, sita, saba, na sauti ikashuka. Mkasi amewapima watu maisha yake yote. Anajua fundi akishusha sauti wakati wa kupima, kitambaa hakitoshi.

Daktari akaanza kueleza kwa maneno marefu. Mkasi akamkatiza kwa adabu, akamwomba amweleze kama anamweleza fundi nguo. Daktari akafikiri kidogo, akamwambia hivi. Ufizi mzima unalikumbatia jino kama kola iliyokaa vizuri shingoni. Ukoga, ule utando wa kwenye meno, ukiachwa unaganda, vijidudu vinaishi humo, kola inavimba na kuachia. Kati ya kola na shingo panatokea mfuko. Mswaki haufiki chini ya mfuko, kwa hiyo uchafu unakaa humo kwa raha, unazidi kuchimba, mwishowe unakula mfupa ulioshikilia jino. Jino linabaki limesimama kama nguzo kwenye mchanga.

"Lakini haiumi," Mkasi akasema.

"Ndiyo ubaya wake, mama. Ingeuma ungekuja zamani."

Kuuma uzi, daktari akasema, hakukuleta ugonjwa huu. Kilichouleta ni kule kupaacha panapotoka damu papumzike. Damu ilikuwa inaita mswaki, si kuufukuza. Ila jino ambalo limeshalegea, ukilivuta kila siku kwa uzi, unalisaidia kuondoka. Akambonyeza kidogo jino moja la mbele kwa kidole. Likacheza.

Hawakuanza na kisu. Kwanza alichomwa sindano ya ganzi, akasafishwa kwa kina, jino kwa jino, mpaka chini ya fizi, ule mchanga mgumu ukikwanguliwa kwenye mizizi. Akafundishwa upya kupiga mswaki, na kupitisha uzi maalumu katikati ya meno. Hapo alicheka mwenyewe: miaka yote ameutia uzi mdomoni, na hajawahi kuutia mahali unapotakiwa. Akaambiwa akae wiki kadhaa arudi. Akakaa, akarudi, akapimwa. Fizi za pembeni zilikuwa zimeshika, mifuko imefunga. Hata mume, bila kuambiwa, alikuwa amegeuka kitandani akauacha ukuta. Lakini pale mbele, kwenye meno mawili ya kazi, mifuko ilikuwa bado mirefu, na daktari hawezi kusafisha chini kabisa asikokuona.

Ndipo daktari akasema upasuaji. Ataukata ufizi kwenye ukingo na kuufunua kama unavyofunua bitana ya koti, asafishe mizizi huku anaiona kwa macho, atie unga wa mfupa pale palipochimbika, kisha aurudishe ufizi chini, aubane vizuri kwenye jino, aushone. Wapo wengine, akasema, ambao fizi zao zimerudi mpaka mzizi uko wazi, hao hukatiwa kipande chembamba kaakaani kikashonwa pale kama kiraka. Yeye hajafika huko. Lakini akiacha, meno yale mawili hayatangoja.

Mkasi hakuuliza maumivu. Aliuliza kama atakuwa na meno yake siku ya harusi. Daktari akahesabu, akamwambia nyuzi zitakuwa zimetolewa na kidonda kimetulia, kama atafuata masharti. Na kuuma uzi? Daktari akavua miwani.

"Mama, uzi usiume tena. Si siku hiyo tu. Usiume tena."

Akaitikia kwa kichwa. Moyoni hakuitikia.

Siku ya upasuaji ganzi ilimfanya mdomo wa juu uwe mnene kama mto wa kochi. Hakusikia maumivu, alisikia kazi. Alisikia kukwaruzwa, alisikia maji, halafu akasikia kitu anachokijua kuliko jina lake, uzi unapita kwenye kitu laini na kuvutwa. Akatega sikio. Huyu daktari anashona mshono mmojammoja, anafunga fundo kila mara, hapitishi moja kwa moja. Si mbaya, akasema kimoyomoyo. Mkono mwepesi. Kama asingesoma ningemchukua ashone kwangu.

Akarudishwa nyumbani na karatasi ya masharti aliyosomewa na mumewe: vyakula laini na vya baridi, asisukutue kwa nguvu, pale palipokatwa asipapige mswaki ila asukutue kwa dawa, asiinue mdomo kupachungulia, asipaguse. Na apumzike, asiiname kwenye cherehani mpaka uvimbe ushuke.

Kwa hiyo Mkasi akalala chumba cha kati, na ukuta wa chumba cha kati ni ule uleule wa chumba cha mbele. Akawa anasikia kila kitu. Gauni lilitolewa kabatini. Alisikia mlango wa kabati. Lilitandazwa mezani, alisikia kitambaa kikipumua. Pedali ya Kicheko ikaanza, na Mkasi akajua kwa mlio tu kwamba sasa ni kiuno, sasa ni mkono, sasa anashona lesi, na anaishona vizuri, na hicho ndicho kilichomchoma. Angeishona vibaya angemhurumia. Uji akaletewa umepoa, na kila aliyeuleta alitoka haraka kurudi kwenye gauni.

Siku ya tatu au ya nne, uvimbe umeanza kushuka, akasikia kitu kinamtekenya nyuma ya mdomo wa juu. Akakigusa kwa ulimi. Ncha ya uzi. Akatulia, akajizuia. Ikamtekenya tena.

Sasa, mtu mwingine angeiacha. Lakini mshonaji hana uwezo huo. Mwonyeshe mshonaji uzi unaoning'inia kwenye nguo ya mtu asiyemjua, njiani, msibani, popote, mkono wake utakwenda wenyewe. Mkasi akainuka, akachukua kioo cha mkono, akainua mdomo ambao alikatazwa kuuinua. Akaona mafundo, safi, yamepangana, na kila fundo limeachiwa ndevu mbili. Ndevu ndefu. Akaona haya kwa niaba ya daktari. Fundi gani anamaliza kazi na kuacha nyuzi zinaning'inia mlangoni?

Bado angejizuia. Ila wakati huohuo, nyuma ya ukuta, akamsikia binti yake mbele ya kioo kirefu akisema kwa furaha, "Mama mdogo, sijawahi kuvaa kitu kikanikaa hivi." Na Kicheko akacheka.

Damu ikamchemka Mkasi. Akafungua kisanduku chake, akatoa kimkasi cha matundu ya vifungo, kile chenye ncha kama mdomo wa ndege. Alitaka kupunguza ndevu tu. Wa kwanza akaupunguza vizuri. Wa pili, hasira ikamharakisha, chuma kikapita nyuma ya fundo badala ya mbele yake. Fundo likadondoka kwenye ulimi. Na kama upindo uliokatwa uzi katikati, ufizi ukaachia, ukafunguka taratibu, na damu ikashuka juu ya meno aliyokuwa anayapigania.

Alisimama na kioo mkono mmoja na kimkasi mkono wa pili. Akaona siku ya harusi inaondoka. Akaona pengo jeusi katikati ya uso wake, na binti yake akiolewa kwenye gauni la mtu mwingine.

Mlango ukafunguka. Kicheko alikuwa amefuata kipande cha lesi. Akaona, akaelewa, maana hata yeye ni mshonaji. Akachukua leso safi, akamkunjia, akambania pale polepole bila kusugua. Kisha akarudi akafunga mlango kwa komeo, na Mkasi akajua sasa atasemwa, na akajiandaa kuchukia kila neno.

Kicheko aliingiza kidole gumba mdomoni, akasukuma, kitu kikalia tok, na meno yote ya juu yakatoka kwa pamoja, yamepangwa, meupe, juu ya ufizi wa plastiki. Akayaweka mezani karibu na kopo la pini.

Uso wake ukaanguka palepale. Mdomo ukaingia ndani, na kwa mara ya kwanza tangu arudi akafanana na mama yao alipokuwa mzee, akila mkate uliolowekwa kwenye chai.

"Yangu yalianza hivihivi," akasema, na maneno yakawa yanatoka na upepo. "Damu kwenye mswaki. Nikaacha mswaki. Daktari wa kule akasema nifunuliwe fizi, nikaogopa kisu, nikamkimbia. Yakawa yanadondoka kama vifungo vya shati la mtoto. Nimekaa kwenye cherehani ile, dada, nakuangalia unavyouma uzi, na roho inaniuma mpaka nashindwa kuona tundu la sindano."

Mkasi akayatazama meno yale mezani. Kwanza, na tusimpake rangi, ilimjia furaha. Furaha mbaya, nene, tamu. Miezi yote hiyo alikuwa ameyaonea wivu meno ya dukani! Akatamani afungue dirisha auite mtaa mzima uje uone kicheko kilivyokaa karibu na kopo la pini. Furaha hiyo ilidumu mpaka damu ilipopenya leso ikamgusa vidole. Akamwangalia tena mdogo wake, jinsi shavu lilivyobonyea, akagusa kwa ulimi jino lake la mbele. Lilikuwa bado lipo.

Akasema, kwa mdomo uliojaa kitambaa, "Rudisha meno yako twende."

Wakaenda. Njia nzima Kicheko alimshika mkono kama mtoto. Daktari alipomwinua mdomo hakuhitaji kuuliza. Akamwuliza tu, huku anaandaa sindano ya ganzi, kama yeye hukubali mteja akate uzi wa kushikizia kabla gauni halijashonwa. Zile ndevu huachwa makusudi, akamweleza, ili fundo lisifunguke wakati mdomo unaongea na kula, na ili siku ya kuzitoa apate pa kushika. Mkasi akasema hakujua. Daktari akasema alijua hajui, ndiyo maana alimwandikia asichungulie. Akamshona upya. Jino halikudhurika, akamwambia, kwa sababu ameletwa mapema. Angekaa siku mbili nyumbani kwa aibu, ingekuwa habari nyingine.

Baada ya hapo Mkasi alitii kama askari. Uzi ukamtekenya, akauacha ukamtekenya. Wa kumchunga alikuwa Kicheko, akiketi kitandani pake na gauni mapajani, na hapo ndipo Mkasi aliporudishiwa kazi, kwa maana cherehani alikatazwa lakini sindano ya mkono hakukatazwa. Akashona lesi ya kola akiwa ameegemea mto. Akafumua mshono mmoja wa Kicheko pale kiunoni, ambao haukuwa na kosa lolote, akaushona tena vilevile, ili tu uwe wake. Kicheko aliona. Akamwachia.

Nyuzi zikatolewa. Daktari akachomeka kile kijiti chake akataja namba ndogo, na sauti haikushuka.

Asubuhi ya harusi binti alisimama mbele ya kioo kirefu, gauni limemkaa mpaka ufa wa kioo ukaona aibu ukajificha. Watu wa nyumbani wakajaa mlangoni. Mkasi akapiga goti nyuma, upande wa kushoto, pale pale alipopapanga tangu mtoto hajazaliwa. Uzi wa mwisho ulikuwa unaning'inia. Chumba kizima kikasubiri tap.

Akaushika uzi. Akauleta karibu na mdomo. Meno yake mawili yaliutamani kama mwenye kiu anavyotamani maji. Ulimi ukapita nyuma yake ukasikia ufizi umekaza, umeshika kama kola mpya.

Binti akageuza shingo. "Mama, acha, nitauuma mwenyewe," akasema, akaanza kuinama, kwa kuwa naye amekulia humo.

Mikono miwili ikamzuia kwa pamoja, mmoja wa mama, mmoja wa mama mdogo. Kicheko akafungua utepe kiunoni, akanyoosha kile kimkasi chake kidogo. Mkasi akakitazama kwa chuki ya kizamani. Akakipokea. Akakata. Hakikulia tap, kililia kijisauti cha panya, na wageni wawili watatu pale mlangoni wakaonekana wamepunjwa. Binti hakuonekana amepunjwa. Alimwinua mama yake kwenye goti akamkumbatia mpaka lesi ikalia.

Baadaye mpiga picha akawapanga uani. Kama kawaida ya watu wote akamwona Kicheko, akamvuta katikati karibu na bibi harusi, akasema huyu mama mwenye tabasamu akae hapa. Mkasi akasukumwa pembeni. Wivu ukaamka, mzimamzima, haujapungua hata kidogo. Na pale pale akalikumbuka neno moja, la meno ya dukani, ambalo angelisema tu kwa sauti ya kawaida na uani pote pangegeuka. Likamjia mpaka ncha ya ulimi. Lilikuwa tamu kuliko keki. Akalimeza.

Kicheko, akiwa anamtazama mpiga picha na kuonyesha meno yote, akamnong'oneza bila kusogeza midomo.

"Hilo la mbele bado linacheza?"

"Halichezi."

"Bahati yako," akasema mdogo wake.

Mkasi akaisikia sauti ile. Aliijua. Aliijua mpaka upindo wake, kwa kuwa miezi yote hiyo ilikuwa sauti ya wivu wake mwenyewe. Akanyoosha shingo, akafungua mdomo wote, fizi na kila kitu, na picha ile ipo mpaka leo sebuleni: bibi harusi anaangalia upande, Kicheko anang'aa katikati, na pale pembeni, nusu ya bega imekatwa, mwanamke anacheka kama ndiye aliyeolewa.